Turufu

Neno hili tulilipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Wao husema trunfo. Karata, kopa, shupaza, pau na uru nazo zina asili hiyohiyo. Katika michezo ya turufu, hata turufu ndogo kabisa hula mfalme wa aina nyingine, ndiyo maana magazeti humwita mshambuliaji tegemeo “karata ya turufu”.

Anayeanza poka na alisahau neno hili kwa muda, kwani huko hakuna turufu. Katika Texas Hold'em, aina mojawapo ya poka, shupaza haiishindi kopa. Wawili wakilingana, fedha za mezani hugawanywa sawa. Inasikitisha kumwona mgeni aking'ang'ania karata mbili dhaifu eti kwa kuwa zote ni shupaza. Kutupa karata na kujitoa ndiyo stadi ya kwanza, kwani karata nyingi unazogawiwa hazistahili dau.

Ukishatupa, nyamaza. Kutaja ulichotupa wakati wenzako bado wanacheza ni kuwadhulumu, kwa sababu kila karata inayojulikana hubadilisha hesabu zao. Na usitupe kabla ya zamu yako: anayeamua dau mbele yako hapaswi kujua kwamba umeshajitoa.