Viongezi vya Uchapishaji na Silabi Zetu

Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Seattle ilitoa PageMaker, programu ya kupangia kurasa za vitabu na magazeti kwenye kompyuta. Miaka miwili baadaye Quark ya Denver ikatoa QuarkXPress. Wapenzi wa lugha, ndani ya historia hiyo limo swali linalotuhusu: nani huiamulia programu mahali pa kulikata neno?

Quark haikujaribu kufanya kila kitu. Iliwaachia watu wa nje waandike viongezi, ikaviita XTensions. Fundi alivitia katika folda maalumu, na programu ilipowashwa ilivisoma na kuongeza amri mpya kwenye menyu. Hata hivyo kila kimoja kilikula kumbukumbu ya kompyuta, na vingine viligombana kama wake wenza. Fundi aliyekwama aliondoa nusu ya viongezi, akaiwasha programu upya, akatazama kama kasoro imetoweka, kisha akaendelea kugawa nusu kwa nusu hadi akamnasa mkorofi. Kibaya zaidi, baadhi ya majalada yalikataa kufunguka kwenye kompyuta isiyokuwa na kiongezi kilichotumika kuyaandaa.

Adobe, iliyoinunua Aldus mwaka 1994, ilivuka mpaka huo. InDesign ya mwaka 1999 ilijengwa kwa kiini kidogo tu. Karibu kazi zote, hata za kawaida kabisa, zikawa viongezi. Kanuni za kukata maneno nazo huchomekwa lugha kwa lugha. Pasipo na ya Kiswahili, maneno yetu hupitishwa kwenye kanuni ya lugha nyingine, aghalabu Kiingereza.

Nilipokuwa nikipanga diwani ya wanachuo wetu, programu tuliyokuwa nayo iliandika "nyum-ba" na "ban-dari". Mgeni hashtuki. Aliyefundishwa mizani anajua kuwa ni nyu-mba na ba-nda-ri, kwani silabi yetu hukoma kwenye irabu (tukiiacha m ya "mtu", na maneno ya mkopo kama "maktaba" ambayo bado tunayabishania). Mwalimu mtarajiwa akiikuta "nyum-ba" kitabuni, ataamini chapa kuliko ubao wangu. Nilizima ukataji wa maneno katika diwani nzima, nikapanua safu ili mshororo wa mizani 16 ukae pasipo kuvunjwa.

Baadaye InDesign iliipokea Hunspell, chombo cha kukagua tahajia kilichotungwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha yenye viambishi vingi kama yetu. Kamusi zake ni faili za maandishi matupu, na ruwaza za kukata silabi huandikwa vivyo hivyo. Kiingereza kinahitaji maelfu ya ruwaza. Sisi, kwa unyoofu wa silabi zetu, twaweza kuzimaliza nyingi katika kurasa chache. Kazi hiyo yamfaa zaidi mtu anayehesabu mizani kuliko mhandisi.

Anayepeleka diwani kwa mpiga chapa na aambatishe orodha ya viongezi alivyotumia, pamoja na matoleo yake.