Boriti, Nguzo na Beit al-Ajaib: Mzigo Unakwenda Wapi?



Naandika haya nikiwa Darsait, hapa Maskati. Kazi yangu ni kufundisha uhandisi, na somo nilipendalo ni lile la mwanzo kabisa, statiki, yaani elimu ya vitu vilivyotulia. Wanafunzi huliona somo dogo. Mimi nilikuwa nalo hivyo hivyo, mpaka likanigusa.

Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020 picha zilianza kumiminika kwenye simu: Beit al-Ajaib ya Unguja imeporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa. Wafanyakazi wawili walifariki, Mungu awarehemu. Jumba lilikuwa katika matengenezo, na fedha za matengenezo zilitoka huku huku Oman. Kesho yake mzee mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia huku miaka ya 70, akanisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye daktari wa majengo? Hebu nambie. Jumba limesimama miaka mia na thelathini na saba. Waingereza wamepiga mizinga, halikuanguka. Leo linatengenezwa, ndio linaanguka! Vipi?"

Kuihukumu ajali ile si kazi yangu, ni ya waliokagua kifusi. Lakini swali la mzee ni swali la historia na linajibika: majumba yetu ya kale yanasimamaje, na kwa nini saa ya kuyatengeneza ndiyo saa ya hatari?

Tuanze na boriti. Kila aliyelala katika nyumba ya mawe ya Lamu, Mombasa au Unguja anajua kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu, ukizidi ni kidogo tu. Watu husema ati ni mila. Si mila tu, ni mti. Dari hubebwa na magogo ya mikoko, na wakataji wa mikoko waliyapanga kwa unene na kila daraja wakalipa jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Magogo hayo hayo yalipakiwa majahazini Lamu na Rufiji, yakaja na upepo wa kusi mpaka Maskati, Bahrain na Kuwait. Kuwait waliyaita chandal. Kwa hiyo hata katika nyumba za zamani za Matrah, dakika chache kutoka hapa nilipo, ukiinua macho darini huenda ukaona mti wa kwetu. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982, lakini vipimo vya vyumba vya kale bado vinaishi.

Sasa chukua boriti moja, uitoe nyumbani kwa fikra tu. Futa ukuta wa kushoto, futa wa kulia, futa sakafu ya mawe na chokaa iliyo juu yake. Boriti imebaki hewani peke yake. Lakini kila ulichokifuta lazima ukirudishe kama mshale: mzigo unashuka, kuta mbili zinasukuma juu. Huo ndio mchoro wa kitu huru. Ili kitu kitulie, masharti ni mawili. Kwanza, kani zote zikijumlishwa ziwe sifuri, kisije kikapanda, kikashuka au kikaenda kando. Pili, momenti zote, yaani kila kani mara umbali wake kutoka egemeo, nazo ziwe sifuri, kisije kikazunguka.

Tuseme boriti inabeba kilo 600 zilizosambaa sawasawa. Kila ukuta unapokea 300. Sasa bibi harusi analeta sanduku la kilo 100, linawekwa robo ya njia kutoka ukuta wa kushoto. Ukuta wa kushoto unaongezewa 75, wa kulia 25. Jumla haijapotea hata kilo moja. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: mzigo haufi, unahama.

Na upana je? Ukiongeza upana wa chumba mara mbili, kwa sakafu ya uzito ule ule kwa kila mita, momenti inayoipinda boriti katikati inaongezeka mara nne, na kulegea kwake mara kumi na sita. Fundi wa Lamu hakuiandika hesabu hii, lakini aliishi nayo. Alijua boriti inafika wapi na inakataa wapi, akajenga ndani ya mpaka huo.

Waliokuja kuiandika walichukua karne nyingi. Archimedes wa Sirakuza, karne ya tatu kabla ya Kristo, alithibitisha kanuni ya wenzo. Al-Khazini, mjini Marw, mwaka 1121 aliandika Kitab Mizan al-Hikma, kitabu kizima juu ya mizani na uzito. Simon Stevin alichapisha hesabu zake za uzito mwaka 1586 huko Leiden, na Galileo mwaka 1638 akauliza gogo lililochomekwa ukutani litavunjika kwa mzigo gani. Hesabu yake ya ndani ya mti ilikuwa na kosa lililosahihishwa baadaye na wengine, lakini swali lilikuwa sahihi. Halafu Leonhard Euler, mwaka 1744, akatoa hesabu ya nguzo: nguzo nyembamba haingoji kupondwa, hupinda kando kwanza. Na kwa nguzo ile ile, ukiongeza urefu ulio huru mara mbili, mzigo inaoweza kuubeba kabla ya kupinda unashuka hadi robo.

Sasa turudi Forodhani. Seyyid Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Hapo elimu mbili zilikutana: kuta nene za mawe ya matumbawe kama tulivyozizoea, na nguzo ndefu za chuma zilizobeba baraza za ghorofa. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya manowari za Waingereza, katika vita ambavyo havikufika saa moja, ilivunja majumba ya jirani na kuuharibu mnara uliokuwa mbele, lakini jumba lenyewe likabaki. Mwaka 1897 likafanyiwa ukarabati na mnara wa saa ukaunganishwa nalo.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mnara tuliouona ukianguka 2020 haukuwemo katika jumba la 1883. Mchoro ulibadilika: mzigo mpya, njia mpya za kuufikisha chini. Halafu ikaja karne nzima ya mvua na hewa ya chumvi. Chuma kinakula kutu, chokaa inalainika, ncha za miti zilizofichwa ndani ya kuta zinaoza bila mtu kuziona. Mwaka 2012 sehemu ya jumba iliporomoka. Jengo kuukuu huweza kuendelea kusimama kwa sababu mizigo imejitafutia njia nyingine, pengine kupitia ukuta ambao hakuna aliyewahi kuuhesabia kazi.

Ndiyo maana matengenezo ni hatari. Fundi anatoa kipande kibovu ili aweke kizuri. Lakini kipande kibovu nacho kilikuwa kinashika kitu! Sakafu, hata ikilegea, inazuia ukuta usitoke kando. Iondoe, na urefu wa ukuta ulio huru unakuwa ghorofa mbili badala ya moja. Euler ameshatuambia kinachofuata. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote, chora: hiki kinashikwa na nani, nacho kinamshika nani? Kila mshale unaoufuta, tafuta kwanza cha kuubeba.

Nasema haya kwa uchungu, maana mimi mwenyewe sikuchora. Nilipokuwa mwanafunzi, kaka yangu mkubwa aliamua kubomoa ukuta wa kati katika nyumba ya shangazi yetu huko Mji Mkongwe, apate sebule pana ya kupokelea wageni. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa statiki miezi michache tu nyuma. Niliuangalia ukuta ule, nikaziona ncha za boriti zimeupumzikia, nikanyamaza. Mdogo hamsahihishi mkubwa mbele ya mafundi. Baada ya masika mawili dari lilianguka usiku juu ya kitanda cha shangazi. Kwa rehema za Mungu alikuwa amesafiri Pemba. Kaka hakunilaumu kamwe, kwani hakujua kwamba nilijua.

Mtihani ule nilifaulu kwa alama nzuri. Nilichokosa ni ujasiri wa kuuliza kwa sauti: kaka, huu ukuta tukiutoa, mzigo utakwenda wapi?

Yule mzee nilimjibu hivi: "Mzee, mizinga iliongeza kishindo tu. Matengenezo yanaondoa mkono. Ukiondoa mkono, lazima uweke mkono mwingine kwanza."

Akafikiri kidogo. "Yaani kama kumwinua mgonjwa. Humwachii bega la huku kabla hujamshika kule."

Nimefundisha miaka mingi, na sijapata kulieleza somo vizuri zaidi ya hivyo. Wanafunzi wangu wa leo, Waomani kwa wageni, huanza muhula kwa kuchora mgonjwa yule, kisha boriti, kisha nguzo. Na wenzangu mlio na nyumba za wazee huko pwani mnazotaka kuzipanua kwa simu kutoka ughaibuni, tafadhalini, kabla fundi hajashika nyundo, mwambieni achore.

Wasalaam,
Darsait, Maskati.