Majivu yananasa risasi kwenye maji, lakini usiyamwage kwenye ndoo yako

Maji yanaweza kuwa maangavu, bila harufu wala ladha ya ajabu, na bado yakawa na madini ya risasi ndani yake. Ukiyachemsha, risasi haitoki. Ukiweka dawa ya kuua vijidudu, nayo haiitoi.

Kuna kitu kimoja cha bei rahisi ambacho watafiti wa nchi nyingi wamekipima kwa kazi hiyo: majivu ya viwandani. Kwa wakazi wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi, hili ni jambo la kulijua vizuri.

Kwa nini Mpanda?

Mji huu ulikuzwa na risasi. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ambao ulikuja kufungwa.

Leo wachimbaji wadogo wanafuata dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye makarasha, wengi hutumia zebaki kuikamata. Mchanga unaobaki, yaani marudio, ukiachwa wazi, mvua inaweza kuusomba hadi kwenye visima vifupi na mito.

Hii haina maana kwamba kila kisima kina sumu. Maana yake ni kwamba kisima kilicho jirani na machimbo kinatakiwa kupimwa.

Kiasi gani ni hatari?

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka ukomo wa mikrogramu 10 za risasi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na mikrogramu 6 za zebaki. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo macho hayawezi kukusaidia hapa.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Risasi huathiri ubongo unaokua, na WHO inasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini.

Majivu yanafanyaje kazi?

Kwa njia kuu mbili.

1. Majivu mengi hupunguza ukali wa asidi kwenye maji. Asidi ikipungua, risasi, shaba na zinki hugeuka chembe ngumu na kutuama chini.

2. Punje za majivu zina vitundu vidogo sana. Metali hunasa juu ya punje na ndani ya vitundu hivyo.

Majivu yanayotajwa zaidi ni ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme. Katavi haina mitambo hiyo, ila ina mpunga na mashine za kukoboa. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa kama kilo 20 za pumba, na pumba hizo zikichomwa hubaki kama kilo 4 za majivu. Sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, ambayo ikiandaliwa vizuri hunasa risasi.

Tanzania si mgeni wa mbinu za aina hii. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa kupunguza floraidi kwenye maji.

Sasa kwa nini usijaribu nyumbani?

- Majivu ya jikoni yakizidi, maji yanakuwa makali kama magadi na yanaweza kuunguza koo. Zaidi ya hapo, risasi iliyokuwa imetuama inaweza kuyeyuka tena.

- Majivu ya makaa ya mawe yenyewe yanaweza kuwa na aseniki na kromi, na yasipopimwa yataongeza sumu kwenye maji.

- Zebaki na aseniki haziondoki kirahisi kama risasi. Majivu yanayofaa kwa moja yanaweza yasifae kwa nyingine.

- Majivu hujaa. Yakishajaa, metali hupita kama vile hakuna chujio.

- Majivu yaliyotumika ni taka hatarishi. Ukiyamwaga shambani au mtoni, umeirudisha sumu ulikoitoa.

Ndiyo maana mbinu hii inafaa zaidi kusafisha maji machafu ya eneo la uchenjuaji kabla hayajatoka, tena chini ya wataalamu wanaopima maji yanayoingia na yanayotoka.

Ufanye nini?

Kama kisima chenu kiko karibu na machimbo, toeni taarifa kwa mamlaka ya maji, yaani MUWASA kwa mjini au RUWASA kwa vijijini, na muombe maji yapimwe metali nzito. Taja metali hizo kabisa, maana kipimo cha vijidudu peke yake hakiwezi kuziona.

Wakati mnasubiri majibu, maji ya kunywa na kupikia, hasa ya watoto na wajawazito, yachotwe kwenye chanzo kingine kilichopimwa.

Na kwa wachenjuaji: marudio yasikae karibu na mto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na kuizuia isifike majini ni rahisi kuliko kuitoa.