Lugha Iliyofungwa, Wimbo Uliofunguka: Mitindo ya Emmy Kosgei na Avril katika Historia ya Muziki wa Bonde la Ufa la Kati

1.0 Utangulizi

Imezoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki kuzigawa nyimbo kwa kigezo cha lugha kabla ya kigezo kingine chochote. Wimbo ulioimbwa kwa Kiswahili huhesabiwa kuwa mali ya taifa. Ule ulioimbwa kwa lugha ya mama hutiwa katika fungu la fasihi ya kabila, na mhakiki wa Kiswahili huuacha upite kana kwamba haumhusu. Mgawanyo huo una usuli wake na manufaa yake. Hata hivyo, katika eneo la Nakuru na Bonde la Ufa la Kati, mahali ambapo lugha imewahi kuwa ndiyo kitambulisho cha nani abaki na nani ahame, mgawanyo huo hauna budi kuchunguzwa upya.

Makala hii inalinganisha mitindo ya waimbaji wawili wa kike waliochipuka katika eneo hilo na kupata umaarufu wa kitaifa katika kipindi kimoja, yaani miaka michache kabla na baada ya 2010. Wa kwanza ni Emmy Kosgei, mwenyeji wa Eldama Ravine, aliyejipatia jina kwa nyimbo za injili za Kikalenjini. Wa pili ni Avril, ambaye jina lake kamili ni Judith Nyambura Mwangi, aliyezaliwa Nakuru mwaka 1986 na kujulikana kwa nyimbo za mapenzi za Kiswahili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba upana wa hadhira ya wimbo hauamuliwi na lugha peke yake. Huamuliwa pia na mtindo, yaani namna wimbo unavyompa msikilizaji nafasi ya kuingia na kushiriki.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Reli ilipofika hapo mwaka 1900, na mashamba ya walowezi yalipoenea Njoro, Rongai, Molo na Subukia, vibarua walitoka pande nyingi: Wagikuyu, Waluhya, Waluo, Wakisii na Wakalenjini wenyewe. Lugha ya sokoni, ya karakana za reli na ya kambi za vibarua ikawa Kiswahili. Lugha za mama zilibaki nyumbani, kanisani na katika sherehe. Basi tangu awali mji huu ulikuwa na tabaka mbili za usemi: Kiswahili cha wote, na lugha nyingi za wachache wachache.

Tabaka hizo zilipata sura ya kutisha palipozuka ugomvi wa ardhi na kura. Mapigano ya 1991 hadi 1992 katika sehemu za Molo, yale ya Januari 1998 huko Njoro, na hasa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliifanya lahaja ya mtu, jina lake na namna anavyotamka neno kuwa jambo la kufa na kupona. Mji wa Nakuru na ule wa Naivasha ulikumbwa na mauaji katika siku za mwisho za Januari 2008. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote katika ghasia hizo. Mkataba wa maridhiano ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008.

Redio binafsi za lugha za mama, zilizoanza kusikika mwaka 2000 kwa Kameme FM ya Kigikuyu na kufuatwa na nyingine kama Kass FM ya Kikalenjini, zilijikuta kizimbani machoni pa umma. Mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua Arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi yake ikakomeshwa tarehe 5 Aprili 2016 bila ya kutiwa hatiani. Lakini shaka ilikuwa imekwisha kuingia: kwamba lugha ya mama ikitoka hewani hubeba sumu ambayo jirani haioni. Katika hali hiyo ndipo nyimbo zinazojadiliwa hapa zilipopata wasikilizaji wake.

Upande wa muziki nao una historia yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, nyimbo tatu zinazoitwa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini. Nyimbo mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyovuma zaidi duniani, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Katika masimulizi yaliyoizunguka, yule mgeni asiyeonekana aligeuzwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Jina lake nalo lilikwisha kuvikwa umbo la Kikalenjini, maana "Che-" au "Chep-" ni mwanzo wa majina mengi ya kike katika lugha hiyo. Hapa kuna funzo la kimtindo lenye uzito: wasichana wale hawakuiga muziki wa kigeni, bali waliuingiza katika wimbo wao wa mwimbishaji na waitikiaji, wakaufanya ukae.

Baada ya uhuru, muziki wa gitaa ulishika nafasi. Kampuni ya Chandarana ya Kericho ilirekodi bendi nyingi za lugha za magharibi mwa Kenya, na Kipchamba arap Tapotuk akawa mfano mkuu wa gitaa la Kikalenjini. Uwanja huo ulikuwa wa wanaume kwa kiasi kikubwa. Kwa upande wa Kigikuyu mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwani Queen Jane, yaani Jane Nyambura, aliyefariki mwaka 2010, aliongoza bendi yake mwenyewe na kuimba matatizo ya wanawake kwa lugha ya mama. Kwa hiyo waimbaji wawili wa makala hii walirithi nyumba mbili zisizofanana: mmoja nyumba ambayo sauti ya mwanamke ilikuwa ya kikundi, mwingine nyumba ambayo tayari ilikuwa na malkia wake.

3.0 Mtindo wa Emmy Kosgei

Wimbo uliomtambulisha Emmy Kosgei kwa taifa ni "Taunet Nelel", maneno yenye maana ya "mwanzo mpya". Ni wimbo wa dini, na haidaiwi hapa kwamba ulitungwa kuwa risala ya kisiasa. Linalochunguzwa ni umbo lake, na namna umbo hilo lilivyopokewa.

Sifa ya kwanza ni uitikiaji. Sauti ya kiongozi haikai peke yake kwa muda mrefu. Kila mara hupokewa na sauti za kundi, na mapigo ya kinanda cha kielektroniki yamefuatishwa na hatua za ngoma badala ya hatua kuzifuata. Sifa ya pili ni takriri. Kiitikio ni kifupi, maneno yake ni machache, na hurejelewa hadi sikio lisilojua Kikalenjini lishike sauti zake. Sifa ya tatu ni uonekanaji. Mavazi ya rangi kali, vilemba na shanga, pamoja na wachezaji wanaokwenda kwa mpango mmoja, huufanya wimbo kuwa sherehe inayotazamwa na si maneno yanayosikika tu.

Sifa hizi tatu si mapambo. Katika fasihi simulizi kiitikio ni mahali pa hadhira. Kiongozi husema asiloweza kulisema mwingine, na waitikiaji husema lile ambalo kila mtu aweza kulisema. Kadiri kiitikio kinavyokuwa chepesi, ndivyo mlango unavyokuwa mpana. Ndiyo maana wimbo huu uliimbwa katika arusi, makanisa na matatu za watu wasiojua Kikalenjini hata kidogo. Lugha ilikuwa imefungwa, lakini wimbo ulikuwa wazi.

4.0 Mtindo wa Avril

Avril alipitia njia nyingine. Alikuwa mmoja wa wasanii wa Ogopa Deejays, studio ya Nairobi iliyokuwa na mchango mkubwa katika kuunda muziki wa vijana wa Kenya tangu mwisho wa miaka ya 1990. Nyimbo kama "Mama" na "Kitu Kimoja", na ushirikiano wake na Marya katika "Chokoza", zilimweka katika safu ya mbele ya kizazi chake. Alionekana pia katika tamthilia ya televisheni ya "Shuga", iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2009, na baadaye akaimba "Hakuna Yule" pamoja na AY wa Tanzania.

Mtindo wake ni wa sauti moja. Sauti hiyo ni laini, imesogezwa karibu na kinasa sauti, na ala zimepunguzwa ili pumzi ya mwimbaji isikike. Ni mtindo uliojifunza mengi kutoka kwa muziki wa mapenzi wa Wamarekani weusi. Nafsi zake kuu ni mbili, "mimi" na "wewe". Msikilizaji hakaribishwi kuitikia. Anakaribishwa kusikiliza mazungumzo ya wawili, na akiguswa, kuyafanya kuwa yake kwa siri.

Jambo la kuzingatiwa ni lugha. Mwimbaji anayebeba jina la Nyambura, aliyezaliwa katika mji wenye wasemaji wengi wa Kigikuyu, angeweza kufuata nyayo za Nyambura mwingine, Queen Jane. Nyimbo zake zinazojulikana zaidi zimo katika Kiswahili na Kiingereza cha mjini. Kiswahili hicho si cha Pwani wala cha vitabu. Ni kile kile cha soko na karakana, kilichopitia Nairobi kikapata wepesi wa vijana. Katika Kiswahili hicho mwimbaji hana kijiji, hana ukoo, wala hana upande katika ugomvi wa ardhi. Nakuru haitajwi, na kutotajwa kwake ni sehemu ya mtindo.

5.0 Ulinganisho

Mhakiki aliyezoea mgawanyo wa lugha angesema kwamba Avril ndiye mwimbaji wa umoja na Kosgei ndiye wa kabila. Mitindo yao inaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Kiswahili cha Avril kinaeleweka na kila mtu kutoka Nakuru hadi Dar es Salaam, lakini kinasema na mmoja mmoja. Kinawaunganisha watu kwa kuwaondoa mahali pao, kila mmoja akabaki na moyo wake. Hilo si jambo dogo. Kwa kijana aliyeona mwaka 2008 jinsi jina la ukoo linavyoweza kumponza mtu, wimbo usiomuuliza atokako ni kimbilio la kweli. Kuidharau sauti hiyo kwa kuwa ni ya mapenzi tu ni kutoelewa kwamba kuwa na haki ya kuimba mapenzi, bila ya kuulizwa kabila, ni amani pia.

Kikalenjini cha Kosgei, kwa upande wake, hakieleweki na walio wengi, lakini kinasema na wengi kwa pamoja. Hakifichi kitokako. Kinajitokeza na mavazi yake na ngoma yake, kisha kinamwachia mgeni kiitikio. Katika miaka ile ambayo lugha hiyo hiyo ilikuwa ikishukiwa redioni, kuitikia kwa lugha ya jirani kulikuwa tendo lenye maana, hata kama aliyeitikia hakulikusudia.

Pingamizi laweza kutolewa kwamba kuimba bila ya kuelewa ni kazi ya kasuku, na kwamba maridhiano hayajengwi kwa sauti tupu. Pingamizi hilo ni la haki, na historia inalipa nguvu: wimbo haukurudisha shamba la mtu yeyote. Hata hivyo, wasichana wa Kapkatet nao hawakuyajua maneno ya Jimmie Rodgers. Walianza kwa sauti, wakaipa jina, kisha wakaipa nafasi katika ngoma yao. Ujirani wa kisanaa mara nyingi huanzia kwenye sauti, na maana hufuata nyuma kwa hatua za polepole. Msikilizaji asiyejua Kikalenjini alipouliza maana ya "taunet", alikuwa amekwisha kuuliza jambo ambalo miaka miwili au mitatu kabla yake hakuwa na sababu ya kuliuliza.

Aidha, kila mtindo una upungufu ambao mwenzake anaufichua. Wimbo wa Kosgei huhitaji kundi, na kundi laweza kumeza huzuni ya mtu mmoja. Aliyefiwa hana nafasi ya kulia katikati ya waitikiaji. Wimbo wa Avril humpa nafasi huyo, lakini haumpi majirani. Mmoja anajua kukusanya, mwingine anajua kusikiliza.

6.0 Hitimisho

Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu hicho hicho, cha 7, inaiamrisha dola kukuza na kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya. Waandishi wa sheria waliona kwamba mambo hayo mawili yaweza kukaa pamoja. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umechelewa kuliona hilo. Ukiendelea kuziacha nyimbo za lugha za mama nje ya mlango wake, utashindwa kueleza ni kwa nini wimbo wa Kikalenjini ulipita mahali ambapo hotuba nyingi za Kiswahili hazikupita, na utashindwa vile vile kuona kile ambacho wimbo wa mapenzi wa Kiswahili ulikiponya kimyakimya.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji hilo limetoa katika kizazi kimoja, pamoja na viunga vyake hadi Eldama Ravine, sauti mbili za kike ambazo hazikuwahi kugombana. Mmoja alikwenda na lugha ya nyumbani hadi mjini, mwingine akaiacha lugha ya nyumbani ili mji umsikie. Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuielewa historia ya eneo hili baada ya 2008 hana budi kuzisikiliza zote mbili, na kuanza na ile ambayo haielewi.