Kadi ndogo yenye kasoro: historia ya RTL8139

Leo tunaongea kuhusu kitu kidogo sana: kadi ya mtandao RTL8139 ya kampuni ya Realtek, Taiwan.

Uganda haina bahari. Nyaya za SEACOM zilipoanza kazi Julai 2009, intaneti ilitoka Mombasa ikapita nchi kavu kuja huku. Malori yanapita Busia, au Malaba upande wa Tororo. Baadhi yetu tulivuka hapohapo tukiwa watoto, mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya. Tukawekwa Mulanda, Tororo, kisha Kiryandongo. Kompyuta za mitumba nazo zilikuja Uganda, hadi serikali ikatangaza kuzipiga marufuku kwenye bajeti ya 2009.

Sasa, RTL8139 ilikuwa bei chee, ndiyo maana iliingia kwenye kompyuta nyingi duniani. Lakini ilikuwa na mambo yake. Haikubali kutuma pakiti kama haijaanza kwenye anwani ya kumbukumbu inayogawanyika kwa 4. Tena inataka pakiti nzima iwe kipande kimoja, na nafasi za kutuma ni 4 tu.

Chuma huwezi kukibadilisha kikishauzwa. Basi kazi ikabaki kwa draiva, yaani programu inayoongea na kadi. Donald Becker, aliyekuwa NASA, aliandika draiva ya Linux. Bill Paul aliandika ya FreeBSD, na humohumo kwenye msimbo akailalamikia kadi waziwazi. Dawa yenyewe: draiva inanakili pakiti mahali palipopangwa sawa, ndipo inaikabidhi kadi. Prosesa inachoka zaidi, lakini mtandao unafanya kazi.

Kwa nini inatuhusu? Kompyuta ya zamani ikikataa mtandao, watu husema imekufa. Inatupwa stoo, na vijana ishirini wanapanga foleni kwenye moja iliyobaki, wengine wakikosa kutuma fomu ya shule kwa wakati. Wakati mwingine kadi ni nzima, ila draiva yake tu haipo.

Ombi letu: kabla ya kuitupa, iwasheni na Linux, andikeni lspci, msome jina la kadi, kisha mtafute draiva yake. Mkigundua kasoro na dawa yake, iandikeni hapa kama Bill Paul alivyofanya, ili mwingine asianze sifuri.