Ukubwa wa matiti hupimwa kifuani, si katika picha

MWANAMKE anayetaka kuongezewa ukubwa wa matiti kwa upasuaji mara nyingi humwendea daktari akiwa na jibu tayari: picha iliyohifadhiwa katika simu, au herufi ya sidiria anayotamani kuvaa. Daktari mwenye ujuzi huanzia kwingine. Huchukua utepe na kupima kifua cha aliye mbele yake.

Kwa mkazi wa Meru au Embu, jambo hili lina uzito wa pekee. Upasuaji wa aina hii hufanywa zaidi jijini Nairobi, kilomita zipatazo 120 kutoka mji wa Embu na zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa Meru. Ukubwa ukichaguliwa vibaya, safari za marekebisho, gharama na maumivu humwangukia mwenye mwili, wala si waliomshauri. Yafaa basi afahamu mapema jinsi ukubwa huo unavyoamuliwa.

Mililita badala ya herufi

Mifuko inayowekwa ndani ya matiti huwa na ganda la silikoni, na hujazwa ama silikoni nzito mfano wa jeli, ama maji ya chumvi. Ukubwa wake hutajwa kwa mililita, na mingi huwa kati ya 100 na 800. Anayeijua pakiti ya maziwa ya nusu lita anaweza kukisia: mifuko miwili ya mililita 250 kila mmoja ni sawa na pakiti hiyo moja iliyogawanywa pande mbili za kifua. Uzito nao hukaribiana na ujazo. Mifuko miwili ya mililita 400 ni takriban gramu 800 ambazo mwili utazibeba usiku na mchana.

Herufi ya sidiria haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo hicho. Herufi C katika sidiria ya 32 hubeba titi dogo kuliko herufi C katika sidiria ya 38, na watengenezaji nao hawalingani. Ndiyo maana daktari mwangalifu hamwahidi mtu herufi fulani. Aidha, mililita 300 zinaweza kuonekana nyingi katika mwili mwembamba, ilhali kwa mwenye kifua kipana zisitambulike sana.

Anachopima daktari

Kwanza ni upana wa titi lenyewe. Mfuko mpana kupita titi husukumana kuelekea kwapani, au hukaribiana mno na mwenzake katikati ya kifua.

Pili ni unene wa ngozi na mafuta yatakayoufunika mfuko. Daktari hubana sehemu ya juu ya titi kwa vidole. Unene ukiwa chini ya sentimita 2, mara nyingi hushauri mfuko uwekwe chini ya msuli wa kifua ili kingo zake zisionekane.

Tatu ni ulegevu wa ngozi. Titi lililolala baada ya kunyonyesha halisimami kwa kuwekewa mfuko mkubwa. Uzito ulioongezwa huweza kulivuta chini zaidi, na huenda linalohitajika ni upasuaji wa kuliinua.

Nne ni kimo cha mfuko. Mifuko miwili yenye mililita sawa huweza kutofautiana: mmoja mpana na bapa, mwingine mwembamba uliochomoza mbele.

Nguo ya kuazima, walinena wahenga, haisitiri maungo. Ukubwa ulionakiliwa kutoka kwa picha ya mtu mwingine ni nguo ya aina hiyo, kwa kuwa vipimo hivi vinne havijapata kufanana kwa wanawake wote.

Kazi na uzazi

Maisha ya kila siku pia yana neno. Mchumaji wa majani chai katika maeneo ya Imenti au Runyenjes hubeba kikapu mgongoni na kutumia mikono kutwa nzima. Wapo wanaolima kwa jembe, na wanaobeba kuni kwa ukanda uliopita kichwani. Mfuko uliowekwa chini ya msuli huweza kusogea au kubadili umbo msuli unapokazwa. Mfuko mzito nao huongeza mzigo kwa shingo na mgongo. Daktari aambiwe waziwazi kazi ambayo mwanamke atairudia. Kwa kawaida hukatazwa kuinua vitu vizito kwa wiki nne hadi sita.

Uzazi haupaswi kusahauliwa. Matiti hubadilika wakati wa ujauzito na baada ya kumwachisha mtoto ziwa, hivyo ukubwa uliopendeza leo huenda usipendeze baadaye. Wanawake wengi waliowekewa mifuko huweza kunyonyesha, lakini mkato unaopita pembeni mwa chuchu huongeza uwezekano wa kudhuru mishipa na njia za maziwa. Anayekusudia kupata mtoto karibuni ana sababu ya kusubiri.

Jaribio la mchele

Lipo jaribio rahisi linaloweza kufanywa nyumbani. Mchele hupimwa kwa kikombe chenye alama za mililita, hutiwa katika soksi nyepesi za wanawake, kisha huwekwa ndani ya sidiria isiyobana. Mhusika aivae kwa saa kadhaa akipika, akifua na akitembea. Jaribio hili halitoi jibu la mwisho, kwa sababu mfuko ulio ndani ya mwili huonekana mdogo kidogo kuliko mchele ulio juu yake. Hata hivyo, humwonjesha uzito na kumpa lugha ya kuzungumza na daktari.

Mafunzo ya historia

Upasuaji wa kwanza wa kuweka mifuko ya silikoni ulifanyika mwaka wa 1962 mjini Houston, Marekani, chini ya madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Aliyefanyiwa, Timmie Jean Lindsey, alikuwa amefika hospitalini kuondolewa chale za kuchorwa kifuani. Hakuwa amekwenda kutafuta matiti makubwa. Madaktari ndio waliompendekezea.

Tangu wakati huo, tahadhari zimeongezeka. Mwaka wa 1992 Marekani iliwekea mifuko ya jeli vikwazo vikali, na ikairuhusu tena mwaka wa 2006 kwa masharti. Mwaka wa 2010 ilibainika nchini Ufaransa kwamba kampuni ya PIP ilitumia silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka wa 2013. Mwaka wa 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote mifuko yake yenye ganda la kukwaruza, iliyohusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa kinga.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani husisitiza kwamba mifuko hii si ya kudumu maisha yote. Kwa kadiri ya mwanamke mmoja kati ya watano waliowekewa kwa ajili ya urembo huhitaji kuondolewa mifuko katika muda wa miaka 10. Miongoni mwa sababu ni kovu kukaza kuuzunguka mfuko, au mfuko kupasuka. Mifuko mikubwa mno huongeza hatari ya ngozi kuwa nyembamba na titi kulegea. Mifuko ya jeli hupendekezewa uchunguzi wa ultrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Gharama hizo zihesabiwe tangu mwanzo. Isitoshe, mfuko huweza kuficha sehemu ya titi katika eksirei ya kutafuta saratani, hivyo mpigaji picha aelezwe.

Kabla ya kufunga safari

Jambo la kwanza ni kuthibitisha kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na kwamba taaluma yake ni upasuaji wa plastiki. Leseni ya kliniki nayo ikaguliwe. Mnamo 2024 Baraza hilo liliagiza kufungwa kwa kliniki moja ya Nairobi baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa urembo.

Pili, mgonjwa apange kukaa jijini siku kadhaa, kwa kuwa kuvuja damu ndani ya titi hutokea zaidi katika siku za mwanzo. Arudipo nyumbani awe na barua ya daktari, ili iwapo titi litavimba ghafla upande mmoja, au joto la mwili lipande, wahudumu wa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru au ile ya Embu wajue alichofanyiwa.

Tatu, aitishe kadi yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na nambari ya kila mfuko, na aitunze kama kitambulisho. Waliowekewa mifuko ya PIP bila kumbukumbu hizo walipata taabu kujua iwapo walikuwa hatarini.

Mwisho, daktari aulizwe swali ambalo wengi hulisahau: ni ukubwa gani ambao angekataa kumwekea mhusika, na kwa nini? Daktari anayekubali kila anachoambiwa hajapima. Anayetaja kikomo na kukieleza amefanya kazi yake, na mgonjwa ana haki ya kurudi nyumbani na jibu hilo akalitafakari kabla ya kutia sahihi.