Namba za Chasisi na Magari ya Zamani ya Kiriri

Namba ya chasisi hugongwa kwenye chuma cha gari kiwandani, na hueleza aliyelitengeneza, aina yake na, katika magari mengi ya zamani, nchi ambayo lilikusudiwa. Karatasi za gari hupotea, bodi hupakwa rangi mpya, injini hung'olewa na kuwekwa nyingine. Namba hiyo hubaki. Kwa gari lililofika Kiriri, mtaa wa mteremkoni juu ya jiji la Bujumbura, huweza kuwa ushahidi pekee wa lilikotoka.

Kiriri ilianza kujengwa nyumba kubwa za wazungu wakati Bujumbura ikiitwa Usumbura, chini ya utawala wa Wabelgiji. Chuo cha Wajesuiti kilichojengwa huko katika miaka ya 1950 sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Mizigo mikubwa ya Usumbura, magari yakiwamo, ilikuwa na njia maalumu: meli hadi Dar es Salaam, reli hadi Kigoma, kisha meli nyingine juu ya Ziwa Tanganyika. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na mkataba wa 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji sehemu zao bandarini Dar es Salaam na Kigoma. Kwa hiyo gari la Usumbura lilipita katika nchi ambayo watu huendesha upande wa kushoto, likaenda kutumika kwenye barabara za upande wa kulia. Usukani wake ulitakiwa kuwa kushoto, na viwanda kadhaa viliandika jambo hilo ndani ya namba yenyewe.

Mfano ulio wazi kabisa ni Land Rover. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, Land Rover fupi ya petroli iliyouzwa nje ya Uingereza ilianza na 242 ikiwa ina usukani wa kulia, na 244 ikiwa wa kushoto. Tofauti ya tarakimu moja inatenganisha gari lililokusudiwa nchi kama Tanganyika na lililokusudiwa nchi kama Burundi. Anayekuta 242 kwenye gari lenye usukani wa kushoto ana haki ya kuuliza: ama usukani ulihamishwa, jambo lisilo gumu kwa Land Rover, au chasisi na bodi havikuzaliwa pamoja. Herufi ya mwisho nayo haipaswi kupuuzwa, maana huonyesha mabadiliko ya muundo, na anayeagiza spea bila kuitaja anaweza kuletewa kifaa kisichoingia.

Mercedes ilifuata mpango wake. Tarakimu sita za kwanza zilitaja aina: 115.110 ni 220 D ya dizeli, ya kizazi kilichotoka 1968. Tarakimu ya saba ikiwa 1, usukani ni wa kushoto. Ikiwa 2, ni wa kulia. Ya nane ikiwa 0, gia ni za mkono, na ikiwa 2 ni otomatiki.

Volkswagen Beetle haikusema lolote kuhusu usukani. Kabla ya Agosti 1964 namba zake zilifuatana tu, na mwaka hupatikana kwa kulinganisha na orodha za kiwanda. Baada ya hapo, 11 ilimaanisha gari la kawaida la abiria na tarakimu ya tatu ikawa mwaka wa toleo: 115 ni ya 1965. Namba hiyo imegongwa chini ya kiti cha nyuma. Haina alama ya mahali gari lilipounganishwa, ingawa kampuni ya D'Ieteren iliunganisha Beetle mjini Brussels tangu 1954.

Utaratibu wa pamoja wa herufi na tarakimu 17 ulikuja baadaye. Ulipangwa kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1970, na Marekani ikaufanya wa lazima kwa matoleo ya 1981. Herufi I, O na Q ziliachwa ili zisichanganywe na 1 na 0. Alama tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji: WDB ni Mercedes, VF3 ni Peugeot. Hapa wengi hupotea. Alama ya kumi ni ya mwaka kwa sheria ya Marekani, lakini viwanda vya Ulaya havikulazimika kuufuata mpango huo, na mwaka uliosomwa hapo unaweza kuwa wa kubuni kabisa.

Magari yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani, ambayo ndiyo mitumba mingi ya leo, hayana namba ya alama 17. Yana jina fupi la aina na namba ya mfululizo. Katika AE100, A ni familia ya injini na E ni Corolla. Kwa Land Cruiser, FJ40 ni ya petroli na BJ40 ya dizeli. L ikiongezwa mwishoni, usukani ni wa kushoto. Mwaka haumo, sharti utafutwe kwenye kumbukumbu za kiwanda.

Kibati cha namba kilichopigwa ribiti hubadilishwa kwa dakika chache, lakini namba iliyogongwa kwenye chuma haifutiki bila kuacha alama ya msasa au kulehemu. Viwili hivyo visipolingana, iliyogongwa ndiyo hufuatwa, baada ya kutu na rangi kuondolewa kwa brashi ya waya.